Dagaa Katika Choo cha Mama Mkwe

Mtu akiniuliza ujanani nilifanya kazi gani, huwa namjibu, "Nilikuwa maabara." Jibu hilo lina heshima yake. Lakini akiendelea kudadisi maabara nilifanya nini, sina budi kusema ukweli: nilitazama vyoo vya watu. Vya watoto, vya wazee, vya mwenyekiti wa kijiji na vya katibu kata, vyote vilipita chini ya jicho langu la kulia, na hadi leo jicho hilo linaona vizuri kuliko mwenzake. Kijiji kizima nilikijua kwa ndani. Nilijua nani hachemshi maji ya kunywa, na nani anasimama mkutanoni kuhimiza kila kaya ichimbe choo wakati yeye mwenyewe anakwenda migombani. Sikusema kitu. Kazi ile ilikuwa na kiapo, na hata isingekuwa nacho, ningeanzia wapi?

Nilizaliwa Ntobeye, Ngara, na baada ya mafunzo ya miezi michache nilipangiwa zahanati ya kijiji cha ujamaa upande wa Biharamulo, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka soko la Nyakahura. Tulikuwa watatu: mganga, mama mmoja mhudumu aliyefagia na kufunga vidonda, na mimi na hadubini yangu. Naiita yangu kwa sababu sikumruhusu mwingine aiguse. Haikuwa ya umeme. Chini yake kulikuwa na kioo kidogo cha kunasa mwanga wa jua, kwa hiyo niliiweka dirishani, na jua likijificha kazi ilisimama. Masika watu wa kijiji kile waliumwa matumbo bila kujua jina la ugonjwa mpaka mawingu yapite.

Sampuli zilikuja kwenye viberiti. Ukimwambia mgonjwa "lete choo", alikwenda kutafuta kasha la kiberiti lililokwisha njiti, na kama hana, aliomba kwa jirani. Mimi nilihitaji kiasi cha punje ya harage tu. Watu wetu hawakulielewa harage hilo. Walijaza kiberiti mpaka kikagoma kufunga, maana kupeleka kitu kidogo ofisini ni dharau. Mzee mmoja aliyehamia kutoka Shinyanga, mwenye ng'ombe wengi na roho kubwa, aliniletea sufuria yenye mfuniko, akaiweka mezani kwa mikono miwili na kusema, "Kijana, usije ukapungukiwa." Nilimshukuru. Ningefanyaje?

Kabla sijafika kwa mama mkwe, lazima nieleze habari ya kamba. Wakati wa kuhamia vijijini alikuja bwana mmoja na kamba na vigingi, akapima viwanja kwa mistari iliyonyooka, nyumba huku na nyumba huku, barabara katikati. Tukapangwa kama miche kwenye tuta: Wasubi, Wahangaza, Wasukuma, Wazinza waliozoea ziwa, na familia zilizovuka mto kutoka Burundi miaka ya nyuma. Kamba ile haikuuliza nani ni mkwe wa nani. Nilipooa binti wa familia mojawapo iliyotoka Burundi nikapewa kiwanja, na kiwanja chenyewe kilikuwa mstari mmoja na wa mama yake, nyumba sita tu kati yetu.

Asiyejua ukwe wa kwetu ataona ni jambo dogo. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawatajani majina, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mkwe hutoka njiani na kugeuka pembeni mpaka mama apite. Kule milimani kwetu jambo hili ni rahisi, maana njia zimepinda. Ukisikia kikohozi unajibanza kwenye kona na mambo yamekwisha. Lakini barabara ya ujamaa ilinyooka. Mama mkwe akitoka kwake nilimwona, naye aliniona, na tulikuwa na safari ndefu ya kutoonana. Niliingia kwenye shamba la mihogo la jirani hatua kumi, nikageuza mgongo, nikakohoa kidogo ili ajue nimempisha, naye akapita amejitanda khanga mpaka puani. Mwenye shamba alilalamika kwamba mihogo yake inakufa kwa heshima ya watu wengine.

Basi mwaka ule vita vya Kagera vilipoanza, mama mkwe akaanza kuumwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali, ambaye akishika jembe vijana walitafuta kisingizio cha kwenda kunywa maji. Sasa ukimwona shambani amesimama katikati ya tuta, ameshika kiuno, anahema. Tumbo lilimuuma juu ya kitovu. Moyo ulimdunda akipanda hata kijilima cha kwenda kisimani, na jioni miguu ilivimba. Mke wangu alimshika mkono akamleta zahanati, mimi nikajifungia maabara kama adabu inavyotaka. Mganga alimminya tumbo, akamuuliza maswali yake, halafu akasema maneno yaliyonitoa jasho nyuma ya mlango: "Mama, lete choo, kijana wetu akipime."

Mama mkwe akainuka, akajifunga khanga. Nilisikia nyayo zake zikitoka, kupitia ubao wa mlango.

Juma zima likapita bila kitu. Siku ya nane mke wangu akaja na kiberiti kilichofungwa vizuri kwa kamba ya mgomba. "Cha mama," akasema, akitazama ukuta. Nilikipokea nikitazama ukuta wa pili. Nilistaajabu, nikamsifu moyoni: kumbe mama mkwe ni mwanamke wa kisasa, ameelewa kwamba mbele ya ugonjwa hakuna ukwe. Nikajiambia choo hakina uso. Hata hivyo nilikipaka kwenye kipande cha kioo nikitazama pembeni, nikakidondoshea maji ya chumvi. Nilitazama haraka haraka, jicho nusu limefumba, nikaona mayai ya minyoo ile mirefu ya mviringo inayowapata hata watoto. Ugonjwa mwepesi. Niliandika karatasi, mganga akatoa dawa ya maji, tamu, kijiko kwa kijiko.

Juma lililofuata likaja lori la jeshi, likamchukua mganga pamoja na masanduku mawili ya dawa kwenda kaskazini, kulikokuwa na vita. Aliniachia ufunguo wa kabati, akanipiga begani na kuniambia nisimuue mtu. Nilidhani ananitania.

Mama mkwe hakupata nafuu. Kiberiti cha pili kikaja: minyoo ile ile. Nikatoa dawa tena, nikaongeza kipimo. Kikaja cha tatu: minyoo ile ile, na mingi kuliko mwanzo. Hapo, niseme ukweli, niliacha kuwa mkwe nikawa mtaalamu. Nilihisi nimegundua jambo. Nilikaa nikamwandikia barua mkubwa wa maabara wilayani, kurasa mbili, mwandiko wa kulala, nikimweleza kwamba katika kijiji chetu imezuka aina ya minyoo isiyosikia dawa. Nilitumia neno "sugu" mara saba. Nilikuwa nimeshaanza kujiona nimeitwa Dar es Salaam kueleza.

Furaha hiyo haikudumu, maana mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake analia. Mama alikuwa ameshindwa kuteka maji. Amelala mkekani, akiinuka kizunguzungu kinamrudisha chini. Kumpeleka hospitali ya wilaya haikuwezekana. Magari yote na mafuta yote yalikuwa vitani, na machela mwenyewe aliikataa, akasema hatabebwa kama mzigo wa mtama akiwa hai. Nilimtazama mke wangu anavyofuta machozi kwa pindo la khanga, nikaogopa. Niliona wazi kwamba mama yule atakufa, kwamba atakufa mikononi mwangu, na kwamba mke wangu ataishi maisha yake yote na mwanamume aliyemponza mama yake kwa dawa tamu.

"Nenda umfunue kope la chini," nilimwambia. "Niambie rangi ya ndani."

Alikwenda akarudi. "Jeupe. Kama ganda la yai."

"Na viganja?"

"Hivyo hivyo. Na kuna jambo jingine." Akasogea karibu. "Ana udongo wa kichuguu kwenye fundo la khanga. Anaumega anakula, akidhani sioni."

Hata mwanafunzi aliyelala darasani angejua hiyo ni safura. Minyoo midogo inayoingilia nyayoni, inang'ata utumbo na kunyonya damu tone kwa tone, mpaka mtu anabaki mweupe, anahema, anatamani udongo. Lakini safura ina mayai yake, na kwenye viberiti vitatu sikuwa nimeyaona. Nikarudi kwenye kile cha tatu, jua la saa nne likiwa dirishani, nikatazama kwa macho yote mawili kwa zamu, bila haya safari hii. Yai la safura hakuna hata moja. Badala yake, pembeni kabisa, kikang'aa kitu chembamba chenye mistari ya duara. Nikakisogeza. Nikakitazama tena. Lilikuwa gamba la samaki, na karibu yake kijimwiba cha dagaa.

Hapa msomaji wa pwani hataelewa kwa nini niliinuka kwenye kiti. Familia ya mke wangu ni watu wa ng'ombe. Kwao samaki si chakula. Mama mkwe alikuwa akipita sokoni Nyakahura upande wa pili wa barabara ili upepo usimletee harufu ya dagaa. Chungu kilichopikiwa samaki hakuwahi kukigusa, na mtu aliyekula samaki hakumpa kikombe cha maziwa yake.

Mtu mwenye akili angekaa kimya afikiri. Mimi nilikwenda nyumbani nikamuuliza mke wangu, "Hivi siku hizi mama anakula dagaa?"

Alikuwa anachambua maharage. Aliacha. "Umesema nini?"

"Nimeona gamba."

"Mama yangu anakata roho, wewe unamtangazia kwamba amekula samaki?" Hakupaza sauti, na ingekuwa heri angepaza. "Kwanza umlishe dawa isiyomfaa, halafu umvunjie heshima?" Akaacha ungo pale pale, akaenda kwa mama yake, na maharage yale nikachambua mwenyewe.

Kumbe alikwenda kumuuliza, na mama mkwe akageukia ukutani. Lakini ukuta wa nyumba za ujamaa ni wa fito na udongo, na nyumba ya pili yake alikaa mama mmoja wa Kizinza, mjane aliyetoka kando ya ziwa, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Alisikia yote. Asubuhi yake nilimkuta kwenye baraza ya zahanati, mbele ya foleni nzima, ameweka mikono kiunoni.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Malahaba. Mwanangu, usimsingizie mwenzangu. Yeye samaki hali. Mwenye dagaa ni mimi."

"Sikuelewi, mama."

"Kile choo ni changu. Vyote vitatu ni vyangu."

Foleni ikasogea karibu. Nilimwomba tuingie ndani. Akasema ndani hakuna hewa. Akaeleza pale pale. Mama mkwe alikwenda kwake juma moja baada ya kutoka kwa mganga, akamwambia, jirani, nitampaje mkwe wangu kitu kama kile akitazame? Afadhali nife. "Nikamwambia, kumbe ni hilo tu? Sisi tunaombana chumvi, tunaombana moto, ndio tushindwe hili? Nikampa kwa loho safi. Kila alipokuja, nilimpa." Akavuta pumzi. "Ila sasa nasikia choo changu kina minyoo. Na dawa kainywa yeye, mala tatu. Haki iko wapi?"

Watu walicheka mpaka mgonjwa mmoja wa homa akalazimika kukaa chini. Nilifungua kabati nikampimia dawa yake mbele ya mashahidi, akainywa, akalamba kijiko, akasema ni tamu kweli, sasa anaelewa kwa nini jirani yake alirudi mara tatu.

Nilicheka na mimi. Halafu nilipofunga mlango wa maabara sikucheka tena. Nilikasirika. Nilimkasirikia mama mkwe aliyechagua kufa kuliko kuona haya, nikamkasirikia bwana wa kamba na viwanja vyake, nikazikasirikia kurasa mbili za minyoo sugu ambazo wakati huo zilikuwa njiani kwenda wilayani na hakuna mbio ambazo zingezirudisha. Lakini zaidi nilijikasirikia mwenyewe. Mimi niliyelelewa na desturi hiyo hiyo, ninayeingia mihogoni kila siku, nilidhanije mwanamke yule angeniletea choo chake? Nilitaka tu awe wa kisasa kwa sababu ilinirahisishia kazi.

Dawa ya safura ilikuwepo, chupa moja aliyoisahau mganga, dozi chache mno. Dawa ya zamani ile ilikuwa kali, inanuka kama mafuta ya gari, na mgonjwa aliyeishiwa damu ingeweza kumlaza asiamke. Huwezi kumpa mtu kwa kukisia. Vidonge vya damu nilianza kumpa siku ile ile, havina madhara. Lakini kwa ile chupa nilihitaji kuona mayai, na mwenye macho ya kuyaona kijijini alikuwa mtu mmoja tu, asiyeruhusiwa kutazama.

Mke wangu ndiye aliyepata njia. "Nifundishe," akasema. "Mimi ni mwanawe. Alinisafisha mimi, sitashindwa kutazama chake."

Nilimwambia kazi ile inachukua miezi. Akanijibu kwamba kisomo cha watu wazima nacho walimwambia kinachukua miaka, na yeye alisoma gazeti kabla ya mavuno ya pili. Basi nikakubali, na naungama kwamba kumwona mtu mwingine akiishika hadubini yangu kuliniuma. Siku mbili alikaa dirishani. Alijifunza kugeuza kioo kulifuata jua, kuzungusha gurudumu dogo bila kuvunja kitu, kutofautisha yai na punje ya wanga, na yai na kiputo cha hewa, ambacho humdanganya kila mgeni kwa uduara wake. Jirani wa Kizinza alijitolea sampuli za mazoezi kwa moyo mkunjufu. Kila alipopita aliuliza yake ina maendeleo gani.

Siku ya tatu kiberiti kikaja, na safari hii kilikuwa cha kweli. Mke wangu alinikabidhi sharti mlangoni. "Wewe utakaa nje. Nitatazama, nitachora, utasoma mchoro. Nimemuapia mama kwamba hutatazama. Ukitazama atajua, na akijua atakufa kwa aibu kabla ya hiyo minyoo."

Nilikaa barazani. Jua lilikuwa kali, bahati nzuri. Baada ya muda mrefu akatoka na daftari lake la kisomo, ukurasa wa nyuma, amechora kwa penseli vitu vitano vya duara refu, ganda jembamba, ndani yake nukta nne nne. "Vimejaa," akasema. "Kama vifungo vya shati, vyenye matundu manne."

Yai la safura lilivyo ndivyo hivyo hasa. Nilitaka kumkumbatia. Kisha nikakumbuka kosa langu: jana yake, kwa kiherehere cha ualimu, nilikuwa nimemchorea yai la safura ubaoni nikamweleza lina viini vinne. Sasa je, ameona alichoona, au ameona nilichomwambia aone? Mtu anayetaka sana kumponya mama yake anaweza kuona vifungo hata kwenye viputo vya hewa. Nilimuuliza tena na tena, akaanza kuudhika. Halafu sauti ikamwita kutoka kwa mama yake, akaweka daftari mezani akakimbia, na mlango wa maabara akauacha wazi.

Haya sijawahi kumwambia, miaka yote hii. Akisoma hapa, na asome taratibu.

Nilisimama mlangoni. Kipande cha kioo kilikuwa bado kipo chini ya hadubini, jua bado liko dirishani. Nilitazama chupa ile ya dawa kwenye kabati, nikalifikiria kope jeupe kama ganda la yai. Nikafikiria kiapo cha mke wangu. Nikakohoa kidogo, sijui nilimkoholea nani. Kisha nikainama nikatazama.

Vifungo. Vifungo kila mahali, vyenye matundu manne, kama mtu aliyemwaga kopo la fundi cherehani. Mke wangu alikuwa sahihi toka kifungo cha kwanza mpaka cha mwisho. Niliinua kichwa, nikatoka nje, nikakaa pale pale barazani nilipoachwa, na aliporudi nilimwambia kwa sauti ya mtu mwaminifu, "Nimeuamini mchoro wako."

Tuliendelea kwanza na vidonge vya damu, pamoja na maini ya ng'ombe aliyechinjwa kijijini na mchicha mpaka akalalamika kwamba amegeuzwa mbuzi. Kope lilipoanza kupata rangi, ndipo tukampa ile dawa kali, alfajiri, tumbo tupu, mke wangu amekaa kando yake na mimi nimekaa kichochoroni nyuma ya ukuta nikihesabu pumzi zake kupitia kwenye ufa. Alilala nayo mpaka mchana. Alipoamka aliomba uji. Nililia pale kichochoroni, na sioni aibu kusema.

Nilijua amepona baada ya majuma kadhaa, niliposikia kutoka nyumba ya saba anamgombeza mtu aliyeingiza mbuzi kwenye maharage yake. Sauti ilikuwa ile ya zamani, yenye jembe ndani yake. Siku chache baadaye alitoka barabarani kwa mara ya kwanza, mrefu, amejitanda khanga, na mimi nilikuwa narudi kazini. Nilimpisha vizuri sana siku hiyo.

Mganga alirudi vita vilipokwisha, amekonda, akakuta kiti changu kimekaliwa. Wanawake wa kijiji walikuwa wamesikia habari, na kila mwenye mkwe, shemeji au haya ya kawaida alitaka apimwe na mke wangu. Mimi nilibaki kuosha vioo na kuwapima wanaume na yule mzee wa sufuria. Barua kutoka wilayani nayo ilifika, miezi mingi baadaye. Mkubwa alinipongeza kwa uchunguzi wangu wa minyoo sugu na kuniomba nimpelekee sampuli zaidi. Sikumjibu. Jirani wa Kizinza alisema yeye yuko tayari.

Miaka ilipita. Wajukuu wakazaliwa, wakampanda mama mkwe mabegani, na kwa desturi yetu wajukuu wakiwa wengi ukwe hulegea kidogo: unaweza kuzungumza na mama mkwe mkiwa na kizuizi katikati. Siku moja, yeye akiwa amezeeka sana, nilikwenda kumjulia hali. Nilikaa upande huu wa ukuta wa matete, yeye upande ule, na mjukuu akaniletea kikombe cha maziwa akatoka kwenda kucheza.

"Mkwe wangu," akasema. "Ulichungulia."

Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni. Nikakishusha. "Mama?"

"Zamani zile, nilipoumwa. Miaka yote ulikuwa unanipisha hatua kumi. Nilizihesabu, maana mtu ukijifunika uso unabaki na masikio tu. Siku nilipopona nikatoka mara ya kwanza, ulikwenda hatua thelathini, mpaka kwenye migomba ya watu. Nikajua."

Nilisikia anajigeuza mkekani.

"Umemwambia binti yangu?"

"Hapana, mama."

"Mwache. Anaipenda kazi yake." Nilisikia anavuta khanga yake. "Siku ile nilipompa kile kiberiti, nilimwomba Mungu usitazame. Alipokwisha kutoka mlangoni, nikamwomba tena utazame."

Nilikunywa maziwa yale yote. Halafu nikakohoa kidogo, kama zamani, ili ajue nimesikia.